Profesa Aliyesomea Jukwaani

Mwaka 1969 kundi la maigizo la Jaguar Jokers lilikuwa likizunguka miji midogo ya kusini mwa Ghana, gari likiwa limesheheni vyombo vya muziki, mavazi na watu. Kiongozi wake, Y. B. Bampoe, alikuwa pia mchekeshaji wake mkuu. Jukwaani alijulikana kwa jina la Opia, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya jina hilo. Katika safari hizo kundi lilikuwa na mwenzao mpya, kijana Mwingereza wa miaka 25, mpiga gitaa, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon. Jina lake John Collins.

Maonyesho ya namna hiyo Waghana huyaita konsati. Bendi hupiga kwanza, watu wakacheza dansi mpaka jasho liwatoke, kisha igizo huanza na kuendelea, nyimbo zikiwa katikati yake, hadi saa za kuelekea alfajiri. Wanaume ndio walioigiza nafasi za wanawake. Visa vilitoka majumbani mwa watazamaji wenyewe: yatima anayeteswa na mama wa kambo, mume aliyemaliza mshahara kwenye pombe, mjanja wa mjini anayemlaghai mtu wa kijijini. Watazamaji hawakukaa kimya. Walimjibu mwigizaji, walimwonya, walilia naye. Yatima akiimba kilio chake, wapo waliopanda jukwaani kumpa pesa au chakula.

Katika miaka hiyo hakuna aliyetegemea kwamba usiku kama huo ungemfaa mtu wa chuo kikuu. Wataalamu wengi wa muziki wa Afrika walikwenda vijijini kutafuta ngoma za jadi, zile walizoamini kuwa hazijachanganywa na kitu. Gitaa la umeme, tarumbeta, wimbo wa mapenzi uliotungwa wiki iliyopita na fundi cherehani: hivyo vilionekana kuwa starehe ya mjini, iliyochukuliwa kwa Wazungu na Wamarekani na isiyo na la kumfundisha mtu. Collins aliona kinyume chake. Ndani ya konsati aliona historia ya karne nzima ya Ghana ikipigwa, ikiimbwa na kuchekwa, na hapakuwa na aliyekuwa akiiandika. Hilo ndilo lililomfungulia kazi ya maisha yake yote.

Ghana haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Uingereza mwaka 1944, na mwaka 1952, akiwa na miaka 8, alipelekwa Gold Coast, kama nchi hiyo ilivyoitwa kabla ya uhuru, kwa sababu baba yake, Edmund Collins, alikuwa akifundisha falsafa katika chuo kipya cha Legon. Mtoto alirudishwa Uingereza, akakulia huko. Aliporejea mwaka 1969 alisoma sosholojia na akiolojia, akahitimu mwaka 1972. Hakusomea muziki darasani. Muziki aliusomea kwenye bendi.

Mwaka 1971 aliunda bendi yake, Bokoor, na humo alipiga gitaa na kinanda cha mdomo. Alipiga pia na wengine wengi: Kwaa Mensah, mkongwe wa gitaa la kale, Koo Nimo wa Kumasi, bendi ya T. O. Jazz, hata Victor Uwaifo wa Nigeria. Majina haya yana uzito kwa anayetaka kuelewa namna Collins alivyopata maarifa yake. Mtafiti anayekuja na daftari na kinasa sauti huambiwa yale ambayo mwanamuziki anataka yaandikwe. Anayekesha naye jukwaani, akasukuma naye gari lililozimika njiani na kugawana naye pato dogo la usiku, huyaona mengine. Huona nani anamiliki vyombo na kwa hiyo nani ana amri. Huona mkataba wa kurekodi ulivyo, na kwamba mtunzi hupewa fedha mara moja na asisikie habari za santuri yake tena. Huona kwa nini mpiga besi ameacha bendi moja akahamia nyingine. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua hali hii vizuri, maana bendi zao nyingi zimevunjika kwa sababu hiyohiyo ya mwenye vyombo na wasio na vyombo. Katika vitabu vya Collins mambo haya yamo, tena si pembeni. Ndiyo yanayoeleza kwa nini muziki ulibadilika.

Kisha akaanza kuwahoji wazee. Nadhani hapa ndipo penye mchango wake mkubwa kuliko wote, kwa sababu aliufanya wakati ambapo wazee hao bado walikuwepo.

Mmoja wao alikuwa E. T. Mensah. Alizaliwa Accra mwaka 1919, akasomea ufamasia, akapiga saksafoni na tarumbeta, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akaichukua bendi ya Tempos iliyokuwa imeanzishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wazungu na Waafrika wakipiga pamoja ili kuwaburudisha wanajeshi. Mensah aliipunguza bendi ikawa ndogo na nyepesi, akachanganya jazi, kalipso na midundo ya Kikuba na nyimbo za lugha za nyumbani. Hiyo ndiyo hailaifu iliyozunguka Afrika Magharibi katika miaka ya 1950. Alipokwenda Nigeria, bendi za Lagos zilibadili mtindo zikamfuata. Louis Armstrong alipozuru Accra mwaka 1956, Mensah alipiga naye. Lakini Collins alipokutana naye katika miaka ya 1970, enzi ya bendi kubwa za dansi ilikuwa imepita, na mfalme yule wa hailaifu alikuwa amerudia ufamasia. Collins aliketi naye, akaandika wasifu wake, na kitabu kikatoka London mwaka 1986. Kitabu kilimkuta Mensah akiwa hai, kwani alifariki mwaka 1996.

Jambo hilo si dogo. Kwa Kiswahili tunaye Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, na bila kitabu kile yale tunayoyajua juu ya mwimbaji yule wa Unguja yangekuwa haba. Siti alifariki mwaka 1950. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote wangali na nguvu zao. Sauti zao zimebaki, na ni jambo la kushukuru. Ila kila anayezipenda nyimbo zao anajua ni maswali mangapi angetaka kuwauliza. Mwanamuziki maarufu huacha nyimbo. Jinsi zilivyotungwa, nani alimfundisha, alilipwa nini na aligombana na nani, hayo huondoka naye mtu asipoyauliza kwa wakati.

Collins aliuliza. Kaka yake E. T., Yebuah Mensah, aliyekuwa naye mwanamuziki, alimweleza hailaifu ilivyopata jina lake. Katika miaka ya 1920 matajiri na wasomi wa pwani walicheza dansi kwenye kumbi kama Rodger Club ya Accra. Kiingilio kilikuwa karibu shilingi saba na nusu, na mwanamume alitakiwa avae suti rasmi na kofia ndefu. Watu wa kawaida walisimama nje, wakasikiliza nyimbo zao wenyewe za mitaani zikipigwa na okestra kwa ajili ya watu wasioweza kukaa nao, na wao ndio walioupa muziki ule jina la highlife, yaani maisha ya juu. Maelezo hayo leo yamo katika karibu kila andiko juu ya hailaifu. Chanzo chake ni mzee mmoja aliyeulizwa swali mwaka 1973.

Kutoka kwa Kwaa Mensah alipata habari za mjomba wake, Kwame Asare, ambaye pia aliitwa Jacob Sam. Asare alijifunza gitaa kwa baharia Mkru kutoka Liberia. Wakru walifanya kazi kwenye meli zilizopita pwani yote ya Afrika Magharibi, na katika safari hizo walikuza mtindo wa kupiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka hapa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Naye alipiga kwa vidole hivyohivyo viwili. Mwaka 1928 Asare na wenzake wawili, wakijiita Kumasi Trio, walisafiri hadi London wakarekodi santuri za Zonophone, na miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo Yaa Amponsah, wimbo ambao wapiga gitaa wa Ghana wameujengea maelfu ya nyimbo nyingine. Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi santuri zake za kwanza kwa lebo ya HMV. Lebo hizo mbili zilikuwa za kampuni moja, Gramophone Company ya Uingereza, iliyokuwa imegundua kwamba Waafrika wananunua sauti zao wenyewe. Pwani mbili za bara hili, Gold Coast na Unguja, ziliingia sokoni kwa mlango mmoja.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyompa Collins hoja yake kuu. Wengi walisema muziki wa mjini ni Afrika kuiga nje. Yeye alisema kilichotoka nje kilikuwa na asili ya Afrika, kilivuka bahari na watumwa, kikarudi kimebadilika, na Waafrika wakakipokea kwa sababu walikitambua. Mfano wake mmojawapo ni gumbe, ngoma ya fremu ya mbao yenye miguu. Iliundwa Jamaica na Wamaroni, watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza. Wamaroni walipopelekwa Freetown mwaka 1800 waliibeba. Kutoka Sierra Leone ikaenea pwani nzima, na karibu na mwaka 1900 mafundi na wavuvi wa kabila la Ga waliokuwa wakifanya kazi kisiwa cha Fernando Po wakairudisha Accra ikiwa kubwa zaidi, mpigaji akiikalia na kuibana kwa kisigino ili kubadili sauti. Huko inaitwa gome.

Mfano wa pili ni bendi za tarumbeta. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta wanajeshi weusi kutoka visiwa vya Karibiani hadi Cape Coast kwa ajili ya vita dhidi ya Waasante. Jioni wanajeshi hao walipiga nyimbo zao za kwao. Vijana wa Kifante waliokuwa wamejifunza tarumbeta kwa ajili ya gwaride waliwasikia, wakaona kwamba chombo cha Mzungu kinaweza kupiga muziki wa mtu mweusi, na muda si mrefu wakawa na mtindo wao, adaha. Miji isiyo na fedha za kununua shaba ilifanya vivyo hivyo kwa ngoma na sauti, na katika miaka ya 1930 mtindo huo uliitwa konkoma. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alieleza jambo linalofanana sana na hilo upande wetu: vijana wa Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890 wakichukua gwaride la kijeshi, sare na vyeo, wakavifanya mashindano ya mitaa, kisha askari na wafanyakazi wakaisambaza beni hadi bara. Watafiti wawili, pwani mbili, na wote waliandika wakati ambapo vyuo vingi bado viliyaona mambo haya kuwa ya mzaha.

Tena njia haikuishia Ghana. Wafanyakazi wa Afrika Magharibi walichukuliwa kwenda Kongo kujenga reli ya Matadi hadi Léopoldville katika miaka ya 1890, na baada yao wakaja makarani na mafundi wengine. Walikuwa na gitaa, tarumbeta na nyimbo zao. Muziki wao unahesabiwa katika mizizi ya dansi la Kongo, na dansi la Kongo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekulia Kigoma, Bujumbura au Mombasa.

Mwanzoni mwa 1977 Collins alikuwa Lagos, ndani ya filamu. Mwanamuziki Fela Kuti alikuwa akitengeneza picha ya maisha yake, The Black President, na alihitaji Mzungu wa kuigiza mkaguzi wa elimu wa serikali ya kikoloni. Collins alikubali. Alishinda katika jamhuri ya Kalakuta, nyumba ambayo Fela aliishi na bendi yake na wafuasi wake, na kila siku aliandika aliyoyaona. Jiji wakati huo lilikuwa limejaa wageni wa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi ambalo Fela alilikataa hadharani. Tarehe 18 Februari wanajeshi waliivamia Kalakuta, wakawapiga waliokuwamo na nyumba ikateketea kwa moto. Sauti za filamu ziliungua humo, na filamu haikukamilika kamwe. Kumbukumbu za Collins zilisalia, na mwaka 2009 zikawa sehemu ya kitabu chake Fela: Kalakuta Notes. Faida yake ni kwamba hazikuandikwa kwa kukumbuka baada ya miaka thelathini, Fela akiwa ameshakuwa shujaa wa dunia. Ziliandikwa siku ileile, mwandishi akiwa hajui kesho itakuwaje.

Halafu hali ya Ghana ikawa mbaya. Mapinduzi ya mwisho wa mwaka 1981 yalimweka Jerry Rawlings madarakani, na pamoja nayo ikaja amri ya kutotembea usiku iliyodumu hadi mwaka 1984. Fikiria maana yake kwa bendi ya dansi. Kumbi zilifungwa kabla ya saa ambayo wanamuziki walizoea kuanza. Konsati, iliyoishi kwa mkesha, ilikosa mkesha. Ushuru wa kuingiza vyombo vya muziki ukawa mkubwa kiasi kwamba kijana wa kawaida hakuweza kuota kununua gitaa la umeme, achilia mbali seti nzima. Wenye disko la kukodi walishika nafasi ya bendi, maana mtu mmoja mwenye mashine na kaseti alikuwa rahisi kumlipa kuliko watu kumi na wawili.

Ni katika kipindi hichohicho, mwaka 1982, Collins alipofungua studio yake ya Bokoor kule Ofankor, nje kidogo ya Accra. Studio kubwa zilikuwa zimekwama kwa kukosa vipuri na fedha. Kwake walikuja wapiga gitaa wa vijijini, vikundi vya ngoma za Waga, kwaya za makanisa na bendi ambazo hazikuwa na pengine pa kwenda. Baadhi ya rekodi hizo zilitoka London kwenye santuri iliyoitwa The Guitar and the Gun, mwaka 1983, na nyingine ikafuata mwaka 1985. Mtafiti alikuwa sasa fundi mitambo. Anayekaa kwenye kiti cha fundi mitambo husikia mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote, na Collins aliyasikia mawili.

La kwanza ni kuondoka. Wanamuziki walihamia Nigeria, kisha Ujerumani, na huko Hamburg na miji mingine vijana wa Kighana wakaunda hailaifu mpya yenye vinanda vya umeme na ngoma za mashine. George Darko aliiweka kwenye ramani mwaka 1983. La pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitokea palepale nyumbani. Makanisa, hasa yale ya kiroho na ya Kipentekoste, yalikuwa na vyombo, yalikuwa na waumini, na yaliruhusu watu kucheza mbele ya madhabahu. Bendi ziliingia kanisani. Hailaifu ile iliyopigwa baa ilibaki ileile, na maneno yakawa ya injili.

Wapenzi wa zamani walisikitika. Collins hakuishia kusikitika. Aliangalia nani aliyekuwa ameshika kipaza sauti, akaona wanawake. Kwa miaka mingi bendi za gitaa na konsati zilikuwa kazi ya wanaume, kwa kuwa familia ziliona aibu binti kulala safarini na wanamuziki, watu waliodhaniwa kuwa walevi wote. Mabinti hao hao walipoimba kanisani, hakuna mzazi aliyeweza kupinga. Kwa njia hiyo wanawake wa Ghana waliingia kwenye muziki wa kurekodiwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na Collins ndiye mmoja wa waliolieleza jambo hili mapema. Mpenzi wa muziki wa injili wa Tanzania na Kenya, ambako wanawake ndio nyota, atalielewa bila kuelezwa zaidi.

Shahada ya uzamivu aliipata akiwa na umri wa miaka 50, mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika idara ya muziki ya Legon, na baadaye akawa profesa. Kwa wakati huo alikuwa ameshaandika vitabu kadhaa, ameshapiga robo karne, na ameshakuwa na studio. Njia hii ni kinyume cha ile ya kawaida, ambapo mtu hupata shahada kwanza kisha akatafuta cha kusema. Mwaka 1997, pamoja na Karin Barber na Alain Ricard, alitoa kitabu juu ya maigizo ya kibendi ya Afrika Magharibi, na ndani yake kukawa na maandishi kamili ya igizo moja la Jaguar Jokers kwa tafsiri. Chuoni hakuacha kupiga. Yeye na Aaron Bebe Sukura, bingwa wa zeze la Kiakan na marimba ya kaskazini, waliongoza bendi ya Local Dimension.

Legon alimkuta J. H. Kwabena Nketia, baba wa taaluma ya muziki ya Ghana, aliyekuwa ameanza kukusanya nyimbo za jadi mwaka 1952. Kanda za Nketia zilikuwa zikizeeka. Kati ya mwaka 1995 na 1998 Collins alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa mradi wa Chuo Kikuu cha Ghana na kile cha Mainz, Ujerumani, uliohamishia kanda hizo kwenye vyombo vipya. Kazi ya namna hii haina sifa. Ni kukaa chumbani, kusafisha ukungu, kusikiliza saa baada ya saa na kuandika nani anaimba, wapi, lini. Kosa dogo la jina, na wimbo unakuwa yatima.

Ya kwake mwenyewe aliyaweka nyumbani. Mwaka 1990 alianzisha hifadhi ya nyaraka za muziki, BAPMAF, katika eneo la studio yake: santuri za zamani, kaseti, picha, mabango ya konsati, barua, vyombo. Watafiti kutoka nchi nyingi walipita hapo, na wanamuziki wengi pia, wakitafuta santuri zao wenyewe ambazo hawakuwa nazo. Tarehe 26 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha Accra na mafuriko yakaingia mle ndani. Picha, karatasi na kanda zililowa. Sehemu ya mkusanyiko ikapotea moja kwa moja, na iliyobaki ilibidi ianikwe, isafishwe na kupangwa upya. Habari hii inaniumiza kila niisomapo. Sehemu kubwa ya dansi la Tanzania ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikakaa kwenye mikanda, na mkanda haujui kwamba ndani yake kuna sauti ya nani. Maji, joto na vumbi hula kila kitu sawasawa. Kunakili mapema na kuweka nakala zaidi ya mahali pamoja ni gharama ndogo ukilinganisha na kinachopotea.

Kuna vita vingine alivyopigana ambavyo havikuwa vya maji. Mwaka 1990 Paul Simon wa Marekani alitoa albamu The Rhythm of the Saints, na katika wimbo mmoja alitumia mwenendo wa Yaa Amponsah. Alitaka kulipa mirabaha, akauliza amlipe nani. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya mwaka 1985 iliweka sanaa ya jadi mikononi mwa serikali, na wimbo ukahesabiwa kuwa wa jadi. Mwaka 1991 ikaundwa bodi ya kitaifa ya kusimamia sanaa za jadi, na Collins akawa mjumbe wake. Lakini yeye alikuwa amehojiana na Kwaa Mensah, na alijua kwamba wimbo ule unahusishwa na mtu mwenye jina, Kwame Asare, aliyeupiga mbele ya mashine ya kurekodia tarehe inayojulikana. Je, wimbo wenye mtunzi ni wa jadi kwa sababu tu umependwa na kila mtu?

Swali likawa kali zaidi sheria ilipobadilishwa mwaka 2005. Sasa hata Mghana mwenyewe anayetaka kutumia sanaa ya jadi kwa biashara alitakiwa kuomba kibali na kulipa ada. Wanamuziki walipinga, na Collins alikuwa upande wao kwa maandishi na kwa hoja. Hailaifu, alisema, haijawahi kutengenezwa kwa namna nyingine: kila mtunzi amechota kwenye ngoma, methali na nyimbo za bibi yake, na kumtoza kwa hilo ni kuwafukuza vijana kwenye urithi wao na kuwasukuma kwa midundo ya nje, ambayo serikali haiwatozi. Wenye sheria walijibu kwamba bila ada hiyo mgeni atachukua bure. Hoja zote mbili zina watu wake hadi leo, na kifungu kimo katika Sheria Namba 690 ya mwaka 2005: anayetaka kuitumia sanaa ya jadi ya Ghana kibiashara aombe kwanza kibali cha bodi, na alipe.